SHABAHA YA ULAYA NA SHAMBA LA MWAFRIKA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, tawi la wafanya kazi wa reli)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia katika redio lakini hatulizungumzi katika chama. Nalo ni ahadi za nchi tajiri za kupunguza mafuta ya kisima na kutumia nguvu zisizokwisha, na mafuta ya mimea yanayonunuliwa nchi za nje ili ahadi hizo zitimie. Labda mwenzetu mmoja atauliza, "Hayo yatuhusu nini sisi watu wa reli? Mambo yetu ni mishahara, nyumba na saa za kazi." Twamjibu kwamba yatuhusu sana. Mbegu za mafuta hayo zaweza kulimwa na ndugu zetu, kukamuliwa na vijana wetu, na kupakiwa melini na wenzetu wa bandarini. Palipo na jasho la mfanya kazi, hapo ndipo penye kazi ya chama.

Kwanza tuelewane maneno. Nguvu zisizokwisha ni za jua, za upepo, za maji ya mito, na za mvuke utokao chini ya ardhi. Mafuta ya mimea ni yale yanayokamuliwa katika mbegu na matunda, kama mbarika, mbono kaburi na mawese. Tena kuna spiriti itokayo katika miwa na mahindi. Hutiwa katika dizeli au petroli, au hutumiwa mahali pake. Nayo huhesabiwa katika nguvu zisizokwisha, maana mmea ukivunwa mwaka huu, mwakani utapandwa mwingine.

Sisi wa reli tuna sababu ya kulipima neno hilo "zisizokwisha". Reli hii ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na hata ilipofika Kisumu mwaka 1901, injini zake zilichoma kuni. Misitu iliyokuwa karibu na njia ilikatwa, hata wakoloni wakapanda miti ya blugamu ili injini zipate kuni za kesho. Baadaye zikaja injini za kuchoma mafuta mazito, kama zile Garratt kubwa za namba 59 zilizofika mwaka 1955, na mwisho dizeli ikachukua kazi yote. Basi kuni nazo ni nguvu isiyokwisha, ukisoma kitabuni. Lakini shoka likienda mbio kuliko mti, msitu hukwisha. Twaomba mkumbuke hayo, maana ndiyo habari yote ya hotuba hii: shabaha ikiwa na haraka kuliko shamba, lazima kuna mtu atakayeumia.

Sasa tuje kwenye hiyo shabaha. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba ifikapo mwaka 2020, asilimia 20 ya nguvu zote zinazotumiwa huko ziwe ni nguvu zisizokwisha. Katika uchukuzi, yaani magari, malori na treni, kila nchi ilitakiwa ifikie asilimia 10. Nia yake hatuilaumu. Moshi wa mafuta ya kisima waharibu hewa ya dunia nzima, na sisi tumeona matokeo yake. Mvua zilikosekana misimu kadhaa kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ikafa kaskazini. Kisha masika ya 2024 ikaleta mafuriko yaliyochukua watu na nyumba. Mtu asiseme kwamba chama hiki chatetea moshi.

Lakini tazameni jinsi hesabu ilivyofanywa. Asilimia 10 ya mafuta ya magari ya Ulaya si kitu kidogo. Wakati ule magari ya umeme yalikuwa machache mno, na njia iliyokuwa rahisi ni kutia mafuta ya mimea katika dizeli. Mashamba ya Ulaya peke yake hayakuweza kutoa mafuta hayo yote kwa bei waliyoitaka. Basi wakanunua nje. Mawese yalitoka Indonesia na Malaysia, hata kufikia mwaka 2018 zaidi ya nusu ya mawese yaliyoingia Ulaya yaliishia katika matangi ya magari na malori. Na makampuni mengine yakaja Afrika kutafuta ardhi.

Tena sheria yasema kwamba moshi wa mafuta ya mimea, yanapochomwa ndani ya gari, uhesabiwe kuwa sufuri, kwa kuwa mmea ulivuta hewa hiyo ulipokuwa ukikua. Hilo lina maana yake. Lakini kama shamba la chakula limegeuzwa kuwa shamba la mafuta, watu hawaachi kula. Chakula kitalimwa mahali pengine, na pengine hapo ni msitu unaofyekwa. Moshi wa msitu ule hauingii katika hesabu ya lita ile. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya Tume ya Ulaya, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba ukihesabu misitu na ardhi ya majimaji inayoharibiwa, dizeli ya mawese yaharibu hewa kuliko dizeli ya kisima yenyewe. Ndiyo kusema kwamba mtu amefagia nyumba yake na kumwaga taka uani kwa jirani, kisha akaandika katika daftari, "Nyumba ni safi."

Tena kuna neno moja ambalo sisi watu wa chama yatupasa kulishika. Sheria ile ya 2009 iliweka masharti juu ya hewa na misitu. Mafuta ambayo hayakupunguza moshi kwa kiasi kilichotajwa hayakukubaliwa. Ardhi ya msitu wa asili ilikatazwa. Lakini juu ya mshahara wa mkulima na kibarua, juu ya haki ya kuwa na chama, juu ya mwanakijiji na ardhi yake, hakuna sharti lililoweza kuzuia lita moja isihesabiwe. Tume ilitakiwa kuandika taarifa tu, kueleza kama nchi zinazouza mafuta zimetia sahihi mikataba ya kazi ya kimataifa. Taarifa si sharti. Basi lita iliyotoka kwa kibarua asiyelipwa ilikuwa na thamani sawasawa na lita iliyotoka kwa mtu aliyelipwa vizuri.

Tuone sasa yaliyotokea kwa jirani zetu wa Tanzania. Huko Kisarawe, karibu na Dar es Salaam, kampuni moja ya Kiingereza, Sun Biofuels, ilipewa hekta zaidi ya 8,000 kwa muda wa miaka 99 ili ipande mbono kaburi. Ardhi hiyo ilikuwa ya vijiji 11. Watu waliahidiwa kazi, visima, zahanati na barabara. Mamia walipata kazi kweli, wakaacha kulima vishamba vyao. Mwaka 2011 kampuni ikafilisika na kazi zikakwisha. Na kwa sheria ya huko, ardhi ya kijiji ikishatolewa ili apewe mgeni, huacha kuwa ardhi ya kijiji. Kampuni ikianguka, ardhi hairudi yenyewe mikononi mwa wanakijiji. Kwa hiyo mtu alipoteza mshahara leo, na alipotazama nyuma, shamba nalo halikuwapo.

Kilwa nako kampuni ya Kiholanzi, Bioshape, ilichukua maelfu ya hekta kwa ajili ya mmea ule ule, nayo ikafilisika mwaka 2010. Hapa kwetu Kenya palikuwa na mpango wa kufyeka msitu wa Dakatcha, upande wa Magarini, na kupanda mbono kaburi katika hekta 50,000. Wenyeji waliupinga pamoja na watu wanaolinda misitu, na mpango ukasimama. Mmea ule ulisifiwa kwamba waota popote, hata katika ardhi kavu isiyofaa kitu. Ni kweli waota. Lakini kuota si kuzaa. Katika ardhi kavu mbegu zake zilikuwa haba, na palipotakiwa mbegu nyingi pakatakiwa ardhi nzuri na maji, yaani ardhi ile ile ya mahindi.

Na huko Ulaya mambo yalikuwaje? Wakubwa wakaanza kuibadili sheria. Mwaka 2015 wakaweka mpaka, kwamba mafuta yatokayo katika mimea ya chakula yasizidi asilimia 7 ya nguvu za uchukuzi. Mwaka 2018 wakaamua kwamba mafuta ya mimea yenye hatari kubwa kwa misitu, na hayo ndiyo mawese, yapunguzwe kidogo kidogo mpaka yafikie sufuri mwaka 2030. Mwaka 2023 wakapandisha shabaha ya nguvu zisizokwisha kwa jumla hadi asilimia 42.5 ifikapo 2030. Hatusemi wamekosea kubadili. Sheria mbaya yafaa ibadilishwe. Lakini angalieni nani hubeba mzigo wa kila badiliko. Karani wa Brussels hubadili mstari mmoja katika karatasi, naye mkulima mdogo wa Sumatra aliyekwisha panda michikichi ya miaka 25 aambiwa soko limefungwa. Mti haung'oki kwa azimio.

Ndugu, haya si mageni Afrika ya Mashariki. Wazee wetu waliona mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Baada ya vita Waingereza walikosa mafuta ya kula, wakaweka shabaha kubwa, wakaleta matingatinga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hawakuipima mvua wala udongo. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Sisi wa reli tunalo la kujifunza hapo zaidi ya wengine. Ilijengwa bandari ya Mtwara na njia ya reli kutoka huko hadi Nachingwea, ili kubeba karanga. Karanga hazikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 njia ile ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Hayo yalikuwa mafuta ya kukaangia, na leo ni mafuta ya injini. Lakini mwendo ni ule ule. Shida iko kwao, shabaha imeandikwa kwao, na shamba la majaribio liko kwetu.

Tukija kwa habari za karibu zaidi, mwaka 2022 kampuni ya Kitaliani, Eni, ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule shehena ya kwanza ya mafuta ikapakiwa kwenda Gela, katika kisiwa cha Sicily, ambako kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta ya kisima kimegeuzwa kuwa cha mafuta ya mimea. Mbegu kubwa ni mbarika, inayolimwa na wakulima wadogo. Kampuni yasema kwamba mbarika hulimwa katika ardhi iliyochoka, haishindani na chakula, na ardhi hubaki kuwa ya mkulima. Hilo la mwisho ni jema, tena ni tofauti kubwa na mambo ya Kisarawe, nasi twalisema wazi. Lakini mwaka 2024 shirika moja la Ulaya, Transport & Environment, lilitoa uchunguzi uliosema kwamba wakulima wengi walipata mavuno madogo kuliko walivyotumaini. Mkulima asiyepata mbegu hapati fedha, na msimu aliopoteza haurudi. Hapo ndipo pa kutazama.

Sasa tusikilize wenzetu wasiokubaliana nasi, maana wapo hapa hapa katika tawi, na maneno yao yana uzito. Wasema hivi: "Mzigo ni mzigo. Kama kuna mafuta ya kupeleka Mombasa, kuna mabehewa ya kuvuta, na kama kuna mabehewa kuna kazi. Chama kikianza kuuliza maswali mengi, mwenye mzigo atatafuta lori." Ndugu, twajua uzito wa neno hilo. Kila mmoja wetu anajua mwenzake aliyepunguzwa kazini, na kila mmoja ana karo ya kulipa Januari. Hakuna mtu hapa atakayesimama mbele ya treni ya mizigo na kusema isiondoke.

Lakini twauliza: ile njia ya Nachingwea, je, haikuwa na wafanya kazi? Walikuwapo madereva, walikuwapo watu wa saini na magenge ya njia. Nao pia waliambiwa mzigo unakuja. Mzigo unaotegemea karatasi ya nchi nyingine waweza kukoma siku karatasi ile inapobadilika, na hakuna atakayetuuliza. Kwa hiyo kuuliza maswali si kufukuza kazi. Ni kutaka kujua kama kazi hiyo itakuwapo mwakani. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Yafaa tutazame pia kile tulicho nacho wenyewe. Kenya ni nchi ambayo sehemu kubwa kabisa ya umeme wake, karibu asilimia 90, hutoka katika nguvu zisizokwisha: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana, na jua. Olkaria ilianza mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15, na leo mvuke ndio unaotoa sehemu kubwa kuliko zote. Reli mpya ya kutoka Mombasa ilifunguliwa mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Naivasha, jirani na mvuke huo. Lakini injini zake huchoma dizeli inayoletwa kwa meli. Majirani zetu wamekwisha tangulia. Reli ya Addis Ababa hadi Djibouti huenda kwa umeme, na Tanzania ilianza treni za umeme kutoka Dar es Salaam mwaka 2024.

Basi ndugu, hapo pana jambo la kushangaza. Mkulima wa Makueni alima mbarika ili lori la Ulaya lipate kuhesabiwa kuwa safi, na treni inayopita katika kaunti yake mwenyewe huchoma dizeli, ingawa mvuke upo nyumbani. Umeme katika reli haufyeki msitu wala hauchukui shamba la mahindi. Wahitaji nguzo, nyaya na mafundi, na mafundi hao wangekuwa watoto wetu. Twajua kwamba gharama yake ni kubwa na deni la reli bado ni zito. Lakini kama nchi hii nayo inaweka shabaha, na ianze na ile inayoweza kuitimiza kwa mali yake.

Hatukatai mafuta ya mimea yote. Hapa Kenya, katika miaka ya 1980, spiriti ya Muhoroni ilichanganywa na petroli. Ilitengenezwa kwa molasi, yaani mabaki ya sukari, na kutumiwa nchini. Mpango ule haukudumu, lakini haukumnyima mtu shamba. Kuna mafuta ya mabaki, na kuna mafuta yanayomla mkulima. Tujifunze kuyapambanua.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu maswali manne, ili kila mwanachama ayajue, na viongozi wetu wayapeleke kwa serikali na kwa kila kampuni itakayokuja na mzigo wa namna hii.

Swali la kwanza: Kabla ya mbegu hii, shamba hili lilikuwa na nini? Kama lilikuwa na chakula, chakula hicho sasa kitalimwa wapi?

Swali la pili: Bei ya mbegu imeandikwa katika mkataba, kwa lugha ambayo mkulima huisoma? Na mavuno yakikosekana, nani abebe hasara, aliyeleta mbegu au aliyepanda?

Swali la tatu: Kampuni ikifilisika au sheria ya Ulaya ikibadilika, mishahara na malipo ya kuachishwa kazi yamewekwa wapi? Twataka fedha hizo ziwekwe benki hapa nchini kabla ya kazi kuanza, wala si ahadi ya mdomo.

Swali la nne: Je, wafanya kazi wa shambani, wa kiwandani na wa uchukuzi wana ruhusa ya kuwa na chama na kuzungumza na mwajiri kama watu wazima?

Tena twapendekeza kwamba chama chetu kiwaandikie wenzetu wa vyama vya reli na bandari huko Ulaya. Wao ndio wapiga kura wa nchi zile, na sheria hizo hutungwa kwa jina lao. Tuwaambie hivi: mnapoweka shabaha mpya, andikeni ndani yake sharti la mshahara na haki ya mfanya kazi anayetoa mafuta, kama mlivyoandika sharti la hewa. Lita iliyotoka kwa mtu aliyedhulumiwa isihesabiwe. Siku sharti hilo litakapoandikwa, karatasi ya Brussels itakuwa imemkinga mkulima wa Makueni badala ya kumtikisa.

Ndugu Mwenyekiti, hatukusimama hapa kutisha mtu. Dunia yataka kuacha moshi, na ni haki iache. Lakini mtu akitaka kutimiza ahadi yake, na aitimize kwa jasho lake, au anunue jasho la mwenzake kwa bei ya halali. Nasi tusikae tukingoja kuambiwa. Kila tawi liyajadili maswali haya manne katika mkutano wake, na majibu yaletwe kwa katibu kabla ya baraza kuu.

Umoja ndio nguvu yetu.